Mashine Iliyongoja Karibu

Hakuna mashine katika maabara ile ya udongo ambayo Bi Chupa hakuijua ndani na nje. Hayo alimwambia kila mgeni aliyeingia, hata yule aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Kisha, mgeni akishaanza kumtazama kwa heshima, alimalizia mwenyewe: "Nje naijua kwa kitambaa cha maji, ndani naijua kwa kitambaa kikavu. Hapo katikati sijui kitu."

Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo. Chupa ndefu, chupa fupi, faneli, na vile vikombe vyembamba vya kioo ambavyo ukivikodolea macho tu vinapasuka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameosha uchafu wa watu waliosoma, na akaufikia uamuzi kwamba ni uchafu kama wa watu wengine, ila wao huuandikia lebo.

Karibu na dirisha ilikaa mashine ya kusoma rangi. Wakulima walileta udongo wa mashamba yao kwenye mifuko ya karatasi, ukachekechwa, ukachujwa, na maji yake yakatiwa dawa mpaka yakageuka buluu. Buluu ikikolea, shamba limeshiba. Ikipauka, shamba lina njaa. Mashine ndiyo iliyopima buluu hiyo imekolea kiasi gani, ikatoa namba. Ilikuwa kubwa, nzito, yenye rangi ya maziwa yaliyosahaulika jikoni. Asubuhi ukiiwasha ilitaka robo saa ya kupasha taa yake moto kabla ya kukubali kazi, jambo ambalo Bi Chupa aliliona la haki kabisa, maana magoti yake nayo yalikuwa na sharti hilohilo.

Mwenye mashine, si kwa kuinunua bali kwa kukaa nayo, alikuwa Mzee Nukta. Jina alilipata kwa sababu ukimletea namba isiyo na nukta mahali pake, alikurudishia karatasi kwa ncha za vidole viwili, kana kwamba umempa panya aliyekufa. Alikuwa amefiwa na mke. Marehemu mkewe na Bi Chupa walikuwa wakiitana dada, na kwa njia hiyo wawili hawa wakabaki mashemeji. Neno hilo walilitumia sana, hata pasipohitajika. Lilikuwa kama meza kati yao: kila mmoja aliegemeza viwiko upande wake.

Miaka minne nyuma, mkono wa kulia wa Mzee Nukta ulianza kutetemeka. Macho yalikuwa mazima, kichwa kizima, ni mkono tu ulioamua kucheza ngoma yake peke yake. Moja yake ikawa kama saba, na saba yake ikawa kama uzio uliogongwa na gari. Siku moja Bi Chupa alikuja kuchukua vikombe vichafu, akamkuta anafuta namba ileile kwa mara ya tatu. Hakuuliza. Alivuta stuli, akaketi, akachukua kalamu.

"Soma, shemeji. Mimi darasa la saba nilifaulu mwandiko."

"Na mengine?"

"Tumekuja kuzungumza mwandiko."

Tangu siku hiyo, kila alasiri kuanzia saa nane mpaka saa kumi, walikaa bega kwa bega mbele ya mashine. Mzee alitia kikombe, akasoma namba za kijani kwenye kidirisha chake kidogo, na Bi Chupa akaandika daftarini.

"Sifuri nukta tatu moja saba."

"Ipo."

"Sifuri nukta mbili tisa sifuri. Nukta umeiweka?"

"Imekaa kitako, shemeji, inangoja chai."

Kati ya kikombe na kikombe walizungumza. Habari za magoti, za watoto walioolewa mbali, za mvua, za marehemu pia, bila kuteremsha sauti. Bi Chupa hakuzihesabu saa mbili hizo kuwa kazi. Lakini alizingoja tangu asubuhi, akiosha chupa kwa haraka isiyolingana na umri wake.

Mkuu mpya wa maabara alipoingia, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa utaratibu. Jumatatu aliwakusanya wote akatangaza kwamba kuanzia wiki ijayo matokeo yatatoka kwenye mashine moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta mpya. Hakuna tena kuandika kwa mkono, mkono unakosea. Mashine itakayoshindwa kuunganishwa mpaka Ijumaa itaingia stoo, na kazi yake itapelekwa maabara nyingine.

"Na mwenye mashine?" Bi Chupa aliuliza kutoka kwenye sinki, ingawa sinki haikuwa imealikwa kwenye kikao.

Mkuu alikohoa kidogo. "Mzee wetu amebakiza miaka miwili. Tunaweza kumpumzisha mapema."

Mzee Nukta aliuingiza mkono wake wa kulia mfukoni, na mfuko ukatetemeka kwa niaba yake. Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba vitatu na mtu mmoja, na Bi Chupa alijua kila kiti kilichokuwa hakikaliwi humo.

Jumanne akaja fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani juu ya nywele, begi limejaa nyaya kama utumbo. Alikuwa na tabia ya kuongea na vitu. Alizunguka nyuma ya mashine, akapiga magoti, akainuka ana vumbi puani.

"Mama yangu! Huyu ana plagi ya pini ishirini na tano. Kompyuta yangu ina katundu kamoja, bapa, kama mdomo wa mtu aliyenuna. Mzee, kitabu cha maelekezo kiko wapi?"

"Kilisomwa na mchwa," alisema Mzee Nukta.

"Walikimaliza?"

"Walibakiza jalada."

"Basi wao ndio mngewaita."

Jumatano alirudi na kebo ya kubadilisha, upande mmoja kichwa kipana cha pini, upande wa pili kichwa chembamba cha kisasa. Akachomeka. Kwenye kompyuta kukatokea ukurasa mweupe wenye kimstari kinachopepesa, kama jicho la mtu anayengoja kuambiwa jambo. Mzee Nukta akatia kikombe cha buluu, akabonyeza kitufe cha kutuma. Namba za kijani ziliwaka kwenye kidirisha cha mashine. Kwenye kompyuta, kimstari kiliendelea kupepesa. Basi.

Fundi akabadilisha hiki, akabadilisha kile. Akazima, akawasha, akabembeleza, akakaripia. Mpaka saa tisa ukurasa ulikuwa mweupe vilevile.

"Inasoma lakini haisemi," alisema, akaketi sakafuni. "Hivi kuna mtu hapa aliyewahi kuiona ikizitoa namba zake nje? Hata zamani?"

Bi Chupa akainamia sinki, akaanza kusugua chupa iliyokwisha kuwa safi.

Kwa sababu alijua. Zamani mashine ilikuwa na printa yake, na Mzee Nukta hakuwahi kuigusa. Kazi yake ilikuwa nukta, si karatasi. Aliyetia karatasi alikuwa Bi Chupa, na alikuwa ameona mara mia: karatasi ikiisha, au kifuniko cha printa kikiachwa wazi, mashine inanyamaza. Inasoma, lakini neno halitoki. Ukifunga kifuniko tu, tararararara, inaendelea pale ilipoachia. Fundi wa kwanza, yule aliyeileta, ndiye aliyemweleza huku yeye amemshikia tochi. "Mama, hii mashine ina adabu. Inabisha hodi kwanza. Isiposikia karibu, haiingii." Katika ile kebo nene iliyounganisha mashine na printa kulikuwa na waya moja ambayo kazi yake ilikuwa hiyo tu, kuirudishia karibu. Printa ilipokufa, karibu ikafa nayo, na kwa kuwa daftari lilikuwepo, hakuna aliyeomboleza.

Alijua, na hakusema. Akisema, mashine itaungana na kompyuta na Mzee Nukta atabaki kazini. Lakini namba zitakwenda zenyewe. Hakuna atakayesoma kwa sauti, hakuna atakayeandika, na stuli itarudi kwenye sinki. Asiposema, mashine stoo, shemeji nyumbani, na stuli kwenye sinki vilevile. Hesabu hiyo hata darasa la tatu wangeiweza, na jibu lake alikuwa nalo. Moyo tu ndio uliokataa kulinakili. Moyo ulisema: subiri kidogo, labda kompyuta itashindwa kabisa, labda Mkuu atachoka, labda wataturudishia kalamu yetu.

"Mama?" Fundi alimgeukia. "Wewe umekaa hapa miaka. Hujawahi kuona?"

"Mimi, mwanangu?" Bi Chupa aliinua mikono yenye povu. "Mimi naosha chupa."

Alhamisi, saa ya chakula, wote walipotoka, Bi Chupa aliingia na sinia la vikombe safi, kwa zile ndara zake zisizo na sauti. Mzee Nukta alikuwa peke yake mbele ya mashine, amempa mgongo. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa kulia, umekikaza kama mtu anayemzuia mbuzi. Alikuwa anaandika nyuma ya karatasi iliyotumika. Bi Chupa akanyoosha shingo.

Moja na saba. Safu nzima za moja na saba, kutoka juu mpaka chini, kama kazi ya mtoto aliyeadhibiwa. Zimelala, zimepinda, zimepandana. Mzee alijaribu nyingine, taratibu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Ilitoka saba. Saba iliyosimama, yenye kofia yake. Aliitazama, mabega yakashuka kwa raha. Akajaribu ya pili, nayo ikakimbilia ukingoni mwa karatasi.

Alikuwa anajiandaa. Ijumaa Mkuu akija kuichukua mashine, amwambie: tazama, naweza mwenyewe.

Bi Chupa alirudi kinyumenyume mpaka nje. Akavuta pumzi, akavuta nyingine. Kisha akaingia tena, safari hii akipiga sinia mlangoni, akikohoa, akivitukana vikombe kwa sauti, akimpa mtu nafasi ya kuficha karatasi.

"Aa, shemeji! Hukwenda kula?"

"Napumzisha macho," alisema Mzee Nukta, wino kidevuni.

"Pumzisha, pumzisha. Macho ni mawili tu hayo."

Aliweka sinia, akatoka moja kwa moja mpaka kwenye korido, alikokuwa fundi ameketi sakafuni na mabaki ya mkate, akizozana na simu yake.

"Mwanangu, jana nilikudanganya."

Fundi aliteremsha simu. "Kuhusu nini, mama?"

"Ile mashine si bubu. Ina adabu. Inangoja karibu."

Akaeleza yote: printa, kifuniko, tochi, hodi. Alipofika kwenye waya ile moja, fundi alikuwa ameshasimama, makombo yakimwanguka kifuani, akijipiga kofi la paji la uso.

"Ishara ya utayari! Inangoja upande wa pili useme uko tayari! Na hii kebo yangu ya ovyo haina hata waya hiyo! Siku mbili naisikiliza, kumbe imesimama mlangoni!"

"Mgeni anabisha hodi siku mbili," alisema Bi Chupa, "na nyinyi mliosoma mmekaa ndani mnaulizana mbona haji."

Fundi alicheka, halafu akaacha. "Sasa mama, jana ulinificha kwa sababu gani?"

Bi Chupa alijipangusa mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu. "Kuna stuli moja humo ndani," alisema. "Nilikuwa sitaki ihamishwe."

Fundi alitazama mlango wa maabara. Alitazama ile mikono. Hakuuliza tena, na hapo Bi Chupa akajua kwamba begi lile halikubeba nyaya tu.

Kazi yenyewe, siri ikishatoka, ilikuwa ndogo hata ikatia hasira. Fundi alifungua kichwa cha kebo kwa bisibisi nyembamba, akakata kipande cha waya kisichozidi kidole, akakilehemu kati ya pini mbili. Moshi mwembamba ukapanda. Mzee Nukta alishika taa. Mkono wa kushoto.

"Pini hii inatoa hodi," fundi alieleza. "Hii inapokea karibu. Nikiziunganisha hivi, mashine ikibisha, inasikia imejibiwa hapohapo."

"Yaani inabisha na kujikaribisha yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Namjua mtu wa hivyo. Mdogo wake marehemu mume wangu. Tena ilikuwa saa ya chakula tu."

Mzee Nukta alicheka mpaka mwanga wa taa ukazunguka dari nzima.

Akatia kikombe, akabonyeza. Safari hii kompyuta ilipokea. Skrini ilijaa nyota, mabano, vijiti, na herufi ambazo hakuna mtoto aliyewahi kufundishwa.

"Inatukana," alisema Bi Chupa. "Mngeniacha mimi mlangoni siku mbili, mngesikia makubwa zaidi."

"Haitukani. Yenyewe inaongea taratibu, kizee, na kompyuta inasikiliza mbiombio." Fundi alipunguza kasi upande wa kompyuta. "Haya mzee, tena."

Kikombe. Kitufe. Halafu, katikati ya ukurasa mweupe, kubwa, nyeusi, imenyooka kuliko mwandiko wowote wa darasa la saba: 0.317.

Mzee Nukta alisogea mpaka pua ikakaribia skrini. Aliitafuta, akaiona.

"Nukta," alisema. Kisha, taratibu, akajijibu mwenyewe: "Ipo."

Bi Chupa, aliyekuwa ameshafungua mdomo alitamke neno hilo, akaufunga.

Ijumaa Mkuu alikuja, akaona namba zikipanda moja baada ya moja, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mashine itabaki. Mzee atabaki, miaka yake miwili yote. Watu walipiga makofi. Mzee Nukta alimshukuru fundi, akamshukuru Mkuu, akamgeukia Bi Chupa amshukuru na yeye, akamwambia, "Shemeji, basi," na Bi Chupa akajibu, "Basi, shemeji." Stuli aliirudisha mwenyewe kwenye sinki, asije mtu mwingine akaishika.

Jumatatu iliyofuata, saa nane ilifika kama kawaida. Bi Chupa aliketi kwenye stuli yake akaikabili sinki. Sinki haikuwa na mazungumzo. Jumanne alimaliza vyombo vyote saa saba na nusu, akavirudia. Kupitia mlango aliuona mgongo wa Mzee Nukta, umenyooka mbele ya mashine, unatia kikombe, unatoa kikombe, unatia kikombe. Kazi ilikuwa ikienda vizuri sana. Hilo ndilo lililouma, kwamba hapakuwa na mtu wa kulaumiwa.

Jumatano, saa nane na robo, alisikia mtu anasafisha koo nyuma yake. Mzee Nukta alikuwa amesimama na daftari la zamani kwapani na kalamu mkononi. Alikuwa na shati tupu, bila koti lake jeupe, jambo ambalo Bi Chupa hakuwahi kuliona ndani ya maabara ile, hata siku za joto la kuyeyusha mishumaa.

"Shemeji," alisema, "mashine imegoma."

Chupa ilimponyoka Bi Chupa ikaangukia majini. "Imegoma vipi?"

"Imenyamaza. Kompyuta nyeupe pee, haina hata namba moja. Nadhani ile karibu imekatika."

"Fundi umempigia?"

"Hapatikani." Alitazama kalamu. "Na wakulima wanangoja. Sampuli arobaini. Nikasema labda, kwa leo tu, tuandike."

Bi Chupa hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alibeba stuli, akaenda nyuma yake kwa hatua za haraka, kichwani anamwona Mkuu, anaiona stoo, anaviona vile vyumba vitatu. Magoti hayakupata nafasi ya kulalamika. Akaketi, akafungua daftari, akalainisha ukurasa kwa kiganja.

"Soma."

"Sifuri," alianza Mzee Nukta, akibonyeza kitufe kwa mazoea na kukiinamia kidirisha, na sauti yake ilikuwa na furaha nyingi mno kwa mtu aliyeharibikiwa, "nukta nne..."

Bi Chupa hakuandika. Alikuwa anatazama pale ilipokuwa kompyuta. Kompyuta haikuonekana. Palikuwa na koti jeupe, limening'inizwa kwa uangalifu, mikono imeangushwa huku na huku, na katikati ya kifua chake lilikuwa linawaka.

Aliinuka, akaliinua koti kwa ukosi. Skrini ilikuwa imejaa namba, safu kwa safu, zimenyooka. Wakati anatazama, moja zaidi ikajipanga chini.

"Na hizi?"

Mzee Nukta aliziangalia kama mtu aliyeonyeshwa watoto wa jirani. "Hizo... za jana."

"Za jana." Bi Chupa alisogeza uso. "Hapa juu pana tarehe ya leo, shemeji. Na hii ya mwisho imeingia sasa hivi, mimi nimesimama naiona, ina sifuri nukta nne."

Mzee Nukta alikuna kidevu kwa mkono unaotetemeka.

"Basi labda imepona," alisema.

"Ndani ya koti lako?"